Marcelina na Mashati ya Kaki

Mjini Kigoma ukiuliza habari za Marcelina wa Nyabitaka watakuambia, "Yule mama wa boti." Boti yenyewe hakuipanda hata mara moja. Kwa hiyo nimeona niseme mimi niliyekaa naye ua mmoja, kabla hawajambandikia na mengine.

Mimi si mtu wa huko. Kwetu ni Rungwe. Nililetwa na serikali kufundisha watoto kusoma, na serikali ikikuleta Nyabitaka ujue kuna mkubwa fulani ofisini ulimkera. Kijiji kimebanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, upande wa kwenda Kagunga. Barabara hakuna. Kila kinachoingia na kutoka, chaki, chumvi, bibi harusi, maiti, kinapita majini. Nilipofika nilipelekwa kwa Marcelina kwa sababu alikuwa na chumba kisichovuja, na nikakaa humo mpaka nikaanza kuota kwa Kiha.

Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mikono yake imeiva rangi ya chungwa mpaka kwenye viwiko kwa ajili ya mawese. Alikuwa na michikichi kando ya kijito. Akichemsha, akitwanga, akikamua, kisha madebe ya mafuta yanakwenda sokoni Kibirizi kwa mtumbwi wa shemeji yake, Adolf. Msije mkamfanya mtakatifu. Aliwahi kuniacha nje kwenye mvua kwa sababu nilisahau kufunga banda la kuku. Ukimsifu alikutuma maji. Ila alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na nilikuwa nikichelewa makusudi kwenda shule ili nikisikie.

Kabla sijafika kijijini, mdogo wake wa mwisho, Feliksi, alipandwa na malaria kichwani. Akashika kasia, akawa anakimbia na kupiga milango ya watu. Kijiji kikafanya kile ambacho kila kijiji hufanya kikiogopa: kikatuma mtu akaite askari. Walikuja kesho yake, wawili, na bunduki. Wakalishwa kuku. Feliksi wakati huo alikuwa amelala hoi barazani kwa mama yake, lakini taarifa waliyopewa ilikuwa ya mtu hatari, basi wakamfunga kamba mikono na miguu, wakamlaza chini kwenye mtumbwi, katika yale maji yanayovujia humo. Marcelina alisafiri naye. Aliwaomba njiani wamwinue akae. Wakamjibu kwa adabu kabisa kwamba utaratibu hauruhusu. Walipofika nchi kavu kijana alikuwa amekwisha kukata roho.

Hiyo adabu ndiyo iliyomkaa moyoni. Aliniambia wangemtukana angewachukia, akapumzika.

Baada ya matanga alipita nyumba kwa nyumba akisema kwamba kuanzia sasa mtu akiharibikiwa, aitwe yeye. Watu wakamwonea huruma, wakadhani ni msiba unaosema. Haikupita muda mvuvi mmoja aliyefiwa na mke akakaa mlangoni kwake na panga, akiapa kumkata atakayekanyaga ua wake. Vijana wakaanza kutafuta fimbo. Marcelina akawatangulia na wanawake wenzake. Wakavua ndala mbali, wakakaa chini pembeni mwa ua, miguu wameinyoosha, kila mmoja na ungo wa maharage. Wakaanza kuchambua. Hawakumsemesha. Wakawa wanapiga soga zao kwa Kiha: dagaa wa juzi walivyokuwa na mchanga, binti wa fulani na tumbo lake, mchwa waliokula mlango wa kanisa. Jua lilipopanda, yule bwana akawaambia kwa hasira kwamba wanatupa maharage mazima pamoja na mawe. Kisha akaweka panga chini, akaomba ungo.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na hakukuwa na elimu nyingine zaidi ya hiyo. Mtu aliyejaa hofu au hasira anatafuta adui wa kumshika. Ukimletea mama anayechambua maharage, hapati pa kuanzia. Pakiwa na tatizo debe liligongwa ufukweni, na waliokuwa karibu waliacha majembe wakaja. Mume anayepiga, mama aliyejifungua akamkataa mtoto, kijana aliyerudi kutoka machimboni akiongea peke yake, wote waliletewa maharage. Aliyehitaji hospitali alipakiwa kwa Adolf. Maharage yaliyochambuliwa yalibaki palepale yakapikwa, kwa sababu nyumba yenye matatizo mara nyingi ni nyumba yenye njaa. Hakuna aliyelipwa, na siku ya shamba ikipotea imepotea.

Kisha Burundi ikalipuka. Mwaka ule wa tisini na tatu mitumbwi ilikuja imejaa watu mpaka ukingo umelingana na maji. Waliteremka na sufuria, na vyerehani, na wazee mgongoni. Walilala darasani kwangu, nikafundishia nje. Wengi walihamishwa kwenda kambini, huko Kasulu. Wengine walibaki kimyakimya, kwa maana Kiha na Kirundi vinasikilizana, na mtu akisema jina la babu yake hukosi kusikia, "Ah, kumbe wewe ni wa kwetu."

Miongoni mwao alikuwa Clementina, mama wa watoto wadogo, na kaka yake Anatoli. Anatoli alikuwa fundi seremala, mwanamume mzima mwenye mabega, na alitembea ameshika pindo la kanga ya dada yake. Siku ya kuhamishwa, boti ilikuja na askari wa kusindikiza. Anatoli alipowaona akakumbatia nguzo ya banda la kukaushia samaki, na hakuna nguvu iliyomtoa pale. Hakupiga kelele. Alilia tu bila sauti, na mkojo ukamtoka. Boti ikaondoka na wengine.

Clementina alibaki siku chache akihangaika. Watoto walitaka shule na chakula, na vyote viwili vilikuwa kambini. Mwisho akaja uani kwetu asubuhi, akapiga magoti mbele ya Marcelina, akaomba amwachie kaka yake.

"Siombi chakula chake, Mama, ana mikono," alisema. "Naomba askari wasimguse. Hata wakiwa wema, wasimguse."

Marcelina alimwinua. "Akiwa kwangu, hakuna askari atakayemgusa," akamjibu.

Nilikuwa nasahihisha madaftari barazani, na nilijua anamjibia na Feliksi.

Anatoli akapewa chumba cha kuni. Kazi yake ikawa kukalafati mitumbwi, yaani kuziba nyufa kwa pamba iliyochovywa kwenye mawese, na aliifanya vizuri hata watu wa Kagunga wakawa wanaleta mitumbwi yao. Mimi alinitengenezea kabati la chaki, akakataa malipo, akaomba nimfundishe kuandika jina la dada yake. Lakini ngurumo ikipiga ng'ambo, au mlango ukigongwa kwa nguvu, alitoweka. Tulimkuta nyuma ya banda, amejikunja, tezo lake la kuchongea mkononi, macho hayamwoni mtu. Mara ya kwanza wanawake walikaa naye na nyungo zao kutoka asubuhi mpaka wakati wa kuteka maji. Baadaye ikawa kitambo kifupi tu. Ikafika hatua akihisi hofu inakuja, anakuja mwenyewe jikoni, anavuta ungo, anaanza kuchambua. Marcelina anahamisha kigoda bila kumtazama, anaendelea na masimulizi yake.

Alimpenda, nisifiche. Kipande kizuri cha samaki, cha mgebuka, kilikuwa cha Anatoli. Mara mbili tatu alimwita Feliksi bila kujua, na Anatoli akaitika.

Sasa niwaambie habari ya fedha, maana bila fedha haya yote yangebaki ya jikoni.

Kulikuwa na shirika moja lenye ofisi mjini, na afisa wake kijana, Walter, mtu wa Machame, mwenye viatu visivyofaa kwa mchanga. Shirika lilikuwa na fungu la usalama wa vijiji vya ziwani, kwa kuwa vilielemewa na wakimbizi. Wakubwa wote walitaka fungu hilo lijenge kituo cha polisi. Nani angewalaumu? Kituo kina ukuta na bendera, unaweza kukizindua. Walter alikuja Nyabitaka kutafuta kiwanja cha hicho kituo, homa ikamwangusha, akalala kwetu. Akiwa kitandani alisikia debe, akajikongoja hadi mlangoni, akaona kwa macho yake jinsi mume na mke waliokuwa karibu kuuana walivyotulizwa na ungo wa maharage. Alirudi mjini akiwa mtu mwingine. Alibishana na wakubwa zake kwa miezi. Namkumbuka vizuri kwa hilo, na ninataka likumbukwe.

Wakaitisha mkutano shuleni kwangu. Mkubwa mmoja akauliza, kwa nini fedha za usalama wapewe akina mama wa mawese wakati askari wamesomea? Marcelina akasimama, akasema askari wakipewa mafuta ya boti watafika, hakatai, lakini watafika kesho, na wao wako pale leo. Wanachotaka ni petroli ya kumpeleka mgonjwa, sabuni, na unga kwa yule ambaye siku hiyo hakwenda shamba. Basi. Akakaa. Mimi mwalimu sijawahi kusikia hotuba fupi namna ile shuleni mwangu.

Wakakubali, kwa majaribio. Petroli na unga vikaja. Na wakaahidi kwamba wageni watoa fedha wakija wakaridhika, kijiji kitapata boti ya injini. Pale Nyabitaka wanawake walikuwa wakifa na uchungu wa kuzaa katikati ya ziwa, upepo ukimkataa Adolf na makasia yake. Boti haikuwa anasa.

Lakini mkono mtupu haulambwi. Walter akaeleza, kwa aibu kidogo, kwamba watoa fedha wanahitaji kuwaona wanaowafadhili. Kundi liwe na sare. Liwe na filimbi badala ya debe, kwa sababu debe halina heshima. Nikamuuliza kama ugonjwa wa Nyabitaka ni kutoonekana. Akasema, "Mwalimu, mimi nimepigana mpaka hapa nilipofika, nisaidie na wewe." Nikamwacha aendelee.

Alileta vipande vya vitambaa: cheupe, cha bluu, na kaki. Wanawake wakakutana uani. Cheupe kilitupwa mara moja, nani atafua cheupe na haya mawese? Bluu nikaisifia mimi. Wakaniambia mwalimu anajua kusoma, kufua hajui. Kaki waliivuta, wakaitemea mate, wakaisugua. Haioneshi mawese, haioneshi damu ya samaki, haichaniki upesi. Watoto wao wa kiume walivaa kaptura za kaki kwenda shule na ziliwadumu mpaka zikawabana. Wakaichagua kwa furaha, wote, na fundi wa Ujiji akashona. Pale uani kaki ilikuwa kitambaa cha kufulika vizuri, haikuwa na maana nyingine yoyote.

Shati la Marcelina lilipokuja alilipiga pasi ya mkaa, akalivaa juu ya kanga, akapita mbele ya dirisha langu. Kisha akapita tena. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akijitazama kwenye kioo changu. Siku ile alikiomba. Nilimwambia amependeza na hakunituma maji. Alilikunja na kulitunza sandukuni, lisivaliwe mpaka siku ya wageni.

Siku ya wageni alijiandaa kama mtu anayeoza binti. Alimwomba Walter asije na askari hata mmoja, na Walter akatimiza ahadi. Alimpeleka Anatoli mwisho wa ufuko, nyuma ya miamba, akamwachia mtumbwi wa kukalafati na mihogo ya kuchemsha, ili asisumbuliwe na sura ngeni. Aliangalia kila boti iliyotia nanga isiwe na mtu wa serikali mwenye mkanda na kofia. Alikagua kila mtu. Hakujikagua yeye, na nani angefikiri ajikague?

Shida ikawa wageni wanataka kuona kazi. Marcelina aliwaambia ukweli: kazi yenyewe ni kukaa na kuchambua maharage. Wakatabasamu, na mmoja akatazama kamera yake kwa masikitiko. Walter akapanga onyesho: mgonjwa alale ufukweni, filimbi ipigwe, kundi lije mbio kwa mistari miwili, limbebe kwenye machela hadi mtumbwini. Mgonjwa nikateuliwa mimi. Mahali pa kulala palipangwa mbele ya baraza, kisha dakika za mwisho mtu akasema wageni wanachomwa na jua, wakae kivulini upande wa miamba, na mgonjwa asogezwe huko. Nikasogea. Marcelina alikuwa mbali, kwenye ghala la shule, anawapanga wenzake na kuwafunga vifungo. Hakujua nimesogezwa.

Nilipozunguka miamba nikamkuta Anatoli. Nikamwambia nimekuja kulala hapa, mimi mgonjwa, akina mama watakuja kunibeba. Alicheka. Akasema, "Mwalimu, mgonjwa gani anatafuna mihogo ya watu?" Maana nilikuwa nimeshachukua kipande. Nikajilaza mchangani, yeye akaendelea kugandamiza pamba kwenye ufa, anaimba kidogo kwa Kirundi. Alikuwa na furaha. Nataka hilo lijulikane, kwamba asubuhi ile alikuwa na furaha na alikuwa anamsubiri Marcelina.

Filimbi zikalia, nyingi kwa pamoja.

Wimbo ukakatika. Nilimwona anasimama polepole, tezo mkononi. Nikamwambia, "Anatoli, ni wao akina mama, ni mchezo tu." Sidhani kama alinisikia. Mstari ukatokeza kwenye miamba, mbio, kaki tupu, filimbi midomoni, Marcelina mbele. Tezo likamdondoka. Akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea majini, macho yake kwao.

Marcelina alitema filimbi. "Humura, Anatoli," akaita, neno lao la kumtuliza mtu. "Humura, mwanangu, ni mimi." Na kwa kuwa alikuwa akimwita, alikuwa pia akimwendea, na wale wengine kwa moyo wao mwema wakamfuata, mstari mzima ukaingia majini kwenda kumwokoa. Kila walivyomsogelea ndivyo alivyorudi nyuma. Ziwa letu halina ufuko wa kudanganya. Unatembea kidogo tu, kisha chini hakuna chini. Na Anatoli alikuwa mtu wa milimani, kuogelea hakujua.

Marcelina ndiye aliyeelewa kwanza. Aliwageukia wenzake akawapigia kelele warudi, watoke, na akaanza kuvua shati. Vifungo vilikuwa vipya na matundu yamebana, tena nguo imelowa. Akalirarua. Akasimama na shimizi mbele za watu, maji kifuani, akaita tena jina lake. Anatoli alikuwa amekwisha kufika pasiposimamika. Kichwa kilionekana, kikazama, kikaonekana, na uso ulikuwa umetuelekea. Adolf alikuwa anasukuma mtumbwi. Upande wa kivulini wageni, ambao waliona nusu na nusu wakazibwa na miamba, walikuwa wanapiga makofi.

Upepo wa kusini ulikuwa umeanza, na nahodha wao alikuwa na haraka. Waliondoka wakishikana mikono na kila waliyemkuta. Walter alipanda mwisho, anageuka nyuma kila mara, hajui aulize nini. Kesho yake wavuvi wa dagaa walimleta Anatoli. Tulimzika kando ya kanisa, na jeneza alilitengeneza mtu asiye fundi, likawa na mapengo.

Ripoti ikatoka. Walter aliniletea nikamsomea Marcelina: kundi lilifika kwa kasi, kwa nidhamu, katika sare nadhifu, na lilionesha hata namna ya kuokoa mtu majini. Watoa fedha wameridhika sana. Boti itanunuliwa.

Walter alilia jikoni kwetu mpaka kamasi. Alisema ataandika ukweli, ataandika leo hii. Marcelina alikuwa anakoroga ugali. Akamuuliza, "Ukiandika, boti itakuja?" Walter akasema hapana, haitakuja, watasema wanakijiji hawafai, na fedha zitajenga kituo. Marcelina akapakua, akamwekea sahani, akamwambia ale. "Basi usiandike. Ichukueni boti. Wanawake wanakufa. Ila mimi sitaipanda, na msiniulize."

Alinyamaza kwa ajili ya wanawake wa watu, akabeba sifa asiyoitaka, na hakuna aliyemsaidia kuibeba. Boti ilikuja, ikaokoa wengi, niwe mkweli. Watoto wawili walizaliwa humohumo wakaishi. Mjini wakamwita mama wa boti na akaacha waseme. Mashati ya kaki yalikatwa yakawa kaptura za watoto. Debe likigongwa bado alikwenda na ungo wake, kwa sababu alikuwa na kitu kimoja cha kushikilia, na alikuwa akinirudia nacho kila tulipokaa: kwamba Anatoli hakumtambua. Hofu ilimziba macho. Aliona kaki, hakumwona yeye. Angemwona, asingekwenda. Nami nilikubali kila mara, na niliamini.

Clementina alipata kibali cha kutoka kambini msimu wa mvua ulipokaribia. Alikuja na boti hiyohiyo. Kwamba kaka yake amekufa alikuwa amesikia. Alikufaje, hakuna aliyethubutu kumtumia habari. Adolf, aliyekuwa sasa akiiendesha, alisema njia nzima injini ilikuwa na kelele, hawakuweza kuongea.

Marcelina alimpeleka kaburini, kisha wakakaa uani. Nikawaletea maji. Nilitaka kuondoka, Marcelina akaniashiria nikae.

"Niambie neno moja tu, Mama," Clementina alisema. "Walikuwa askari?"

Angeweza kusema ni ajali. Angeweza kusema upepo. "Hapana," akasema. "Tulikuwa sisi." Na akamweleza yote, asiache kitu: mashati, mawese, filimbi, vifungo vilivyokataa, makofi. Alieleza kwa sauti ya chini bila kujitetea, na mwisho akasema lile lake, kwamba Anatoli hakuwatambua, na kwamba angewatambua asingekwenda.

Clementina alikunja na kukunjua pindo la kanga. Sikuona hasira usoni mwake. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kutolisema, na hakuipata.

"Mama," akasema, "wale waliokuja kuua kwetu hawakuwa wageni. Walikuwa majirani zetu. Walikuwa wamepewa makoti ya kaki wiki ile, na filimbi. Wa mbele alikuwa baba wa ubatizo wa Anatoli. Alikuwa anamwita kwa jina, anamwambia humura."

Kuku walikuwa wanadonoa miguuni mwetu na hakuna aliyewafukuza. Marcelina alitazama mikono yake, akaigeuza.

"Basi alinitambua," akasema.